Jinsi ya kutengeneza lugha ndogo ya kanuni za mishahara ambayo mhasibu anaisoma mwenyewe

Kama umeshawahi kuandika mfumo wa mishahara, mikopo au bima unaijua hii hali: kanuni zimetawanyika kila kona, nusu ziko kwenye if na else za faili moja, nyingine zimejificha kwenye ripoti ya databesi, nyingine ziko kwenye Excel ya mhasibu ambayo we hata hujawahi kuiona, alafu ikifika mwezi wa saba Sheria ya Fedha mpya inaanza kutumika na kila mtu anakimbizana. Mwongozo huu ni wa kukutoa huko. Tutajenga lugha ndogo, zile ambazo wengi wanaziita DSL, yaani lugha isiyo na kazi nyingine yoyote zaidi ya kueleza kanuni za shughuli moja. Mfano wetu ni PAYE ya Tanzania Bara, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara kila mwezi, viwango vyake vinajulikana na vimeshabadilika mara za kutosha kutuonyesha panapouma.

Kuna jambo moja naomba ulishike kabla hatujaanza, maana ndo kila kitu kinasimama juu yake. Lugha hii inatengenezwa ISOMWE. Watu wengi wanaanza na ndoto kwamba mhasibu ataandika kanuni mwenyewe na programa hatahitajika tena, na mi naona hiyo ndoto ndo inaua hii miradi, kwa sababu ukiifuata utajikuta unatengeneza vitufe na menyu na vibonyezo mwaka mzima. Mhasibu akiweza kuandika ni nyongeza tu. Anachotakiwa kuweza ni kufungua faili, kusoma mstari kwa mstari, na kukwambia "hapa sivyo, hifadhi inatoka kwanza". Ukifika hapo umeshinda.

Hatua ya 1: Jiulize kama unaihitaji kweli

Kama una asilimia moja tu inayobadilika, mfano VAT ya 18%, weka kwenye jedwali la databesi na tarehe yake, umemaliza, usijitafutie kazi. Lugha inaanza kulipa pale kanuni zinapokuwa nyingi, zinategemeana, zinabadilika kwa kalenda isiyo yako, na anayezijua siyo anayeandika programu. Mishahara ina vyote hivyo. Kuna na kigezo kingine ambacho watu wanakisahau: je, kuna mtu atakuja kuuliza "kwa nini nimekatwa hivi?" Kama swali hilo linaulizwa kila mwisho wa mwezi, basi unaihitaji.

Hatua ya 2: Kaa na mwenye kanuni, na mezani kuwe na hesabu za kweli

Usimwambie mhasibu "nieleze kanuni zenu", atakupa maelezo ya jumla ambayo hayakusaidii. Mwambie akupigie mshahara wa mtu mmoja mbele yako kwa kalamu, we unaandika maneno anayoyatumia vilevile anavyoyatamka. Chukua mtu wa laki tisa. Atasema: ghafi ni 900,000, tunatoa hifadhi ya jamii, NSSF, asilimia kumi ambayo ni 90,000, inabaki 810,000, hiyo ndo tunayoipigia PAYE. Kwenye jedwali la TRA iko ngazi ya 760,000 mpaka milioni, kwa hiyo ni 68,000 jumlisha 25% ya kinachozidi 760,000, kinachozidi ni 50,000, robo yake 12,500, PAYE ni 80,500. Mkononi anaondoka na 729,500.

Hapo ameshakupa karibu lugha nzima. Una majina: ghafi, hifadhi, msingi (kile kinachobaki cha kupigiwa PAYE), ngazi. Una mpangilio, hifadhi inatoka kabla ya PAYE. Na una jaribio lako la kwanza lenye jibu linalojulikana. Mwombe na mifano ya pembeni: mtu wa laki mbili na nusu asiyefika kwenye kodi, mtu aliyeanza kazi tarehe 17, mtu mwenye marupurupu, mtu wa milioni nne. Usiondoke bila kumuuliza kila neno linamaanisha nini hasa, kwa sababu "mshahara" kwake unaweza kuwa mshahara wa msingi (bila marupurupu) au ghafi kutegemea sentensi, na kwenye lugha yako lazima hivyo viwe vitu viwili vyenye majina mawili.

Hatua ya 3: Andika faili la kanuni kwa mkono kabla hujaandika programu yoyote

Hapa ndo kwenye utamu, kaa hapa muda mrefu kuliko unavyodhani unahitaji. Fungua faili tupu, andika kanuni kama vile programu ya kuzisoma ipo tayari. Yangu ingekaa hivi:

```
kanuni hifadhi
  kuanzia 2020-07-01
  ni 10% ya mshahara_ghafi

kanuni paye
  kuanzia 2020-07-01 mpaka 2021-06-30
  chanzo "Sheria ya Fedha 2020"
  msingi mshahara_ghafi - hifadhi
  ngazi
    mpaka  270000    0%
    mpaka  520000    9%
    mpaka  760000   20%
    mpaka 1000000   25%
    zaidi           30%

kanuni paye
  kuanzia 2021-07-01
  chanzo "Sheria ya Fedha 2021"
  msingi mshahara_ghafi - hifadhi
  ngazi
    mpaka  270000    0%
    mpaka  520000    8%
    mpaka  760000   20%
    mpaka 1000000   25%
    zaidi           30%

kanuni sdl
  kuanzia 2023-07-01
  chanzo "Sheria ya Fedha 2023"
  ikiwa idadi_ya_wafanyakazi >= 10
  ni 3.5% ya jumla_ya_mishahara_ghafi
```

Angalia vitu vichache humo (sdl ya mwisho ni tozo ya kuendeleza ujuzi). Kwanza, maneno ni ya Kiswahili, na siyo kwa mapambo, mhasibu wako anafikiri na kuongea hivyo kwa hiyo mpe hivyo. Pili, kanuni ya zamani haijafutwa, imewekewa mwisho. Tatu, kila kanuni inayotoka kwenye Sheria ya Fedha ina chanzo chake pembeni, ili mtu akibisha mnaenda wote kwenye sheria, hambishani kwa kumbukumbu. Wafaransa wamelifikisha hili mbali sana: mamlaka yao ya kodi imekuwa na lugha yake yenyewe inaitwa M tangu miaka ya 1990 kwa ajili ya kukokotoa kodi ya mapato, msimbo wake ukawekwa hadharani 2016, na baadaye watafiti wa kule wakatengeneza lugha nyingine inaitwa Catala ambayo ibara ya sheria na msimbo wake vinakaa kwenye faili moja, ibara juu, msimbo chini yake, mwanasheria na programa wanasoma ukurasa uleule. Sisi mstari wa chanzo unatutosha kwa kuanzia.

Cha nne ndo ninachokijali zaidi. Jedwali la TRA linaandika "68,000 jumlisha 25%", lakini kwenye faili letu hizo 20,000 na 68,000 na 128,000 hazipo kabisa. Zinatokana na asilimia, 8% ya 250,000 ndo inazaa 20,000, na 20% ya 240,000 ndo inaongeza 48,000 kufika 68,000. Wakati ngazi ya pili ilikuwa 9% namba hizo zilikuwa 22,500 na 70,500 na 130,500. Sasa fikiria mtu aliyeziandika kwenye msimbo, Julai 2021 anabadilisha 9 kuwa 8 alafu anasahau zile tatu, watu wa mshahara mdogo wanakatwa sawasawa, lakini watu wa kati na wa juu wote wanakatwa 2,500 zaidi kila mwezi, na hakuna anayeona kwa sababu namba zinafanana na za mwezi uliopita! Kitu kinachoweza kukokotolewa usikiandike kwenye kanuni. Kiweke kwenye majaribio, tutafika.

Chapisha hilo faili kwenye karatasi, mpelekee mhasibu, nyamaza, mwache asome. Akikuuliza "hii zaidi ni zaidi ya nini" ujue neno halijakaa vizuri, libadilishe sasa hivi wakati bado ni bure.

Hatua ya 4: Chagua namna ya kuijenga

Una njia kama nne. Jedwali la Excel au CSV, linatosha kama kanuni zote ni za ngazi na hakuna masharti. Kuandika ndani ya Python au Kotlin kwa funksheni zenye majina mazuri, ni haraka sana ila mhasibu ataona mabano na nukta mbili na ataogopa. Lugha yako kamili yenye faili lake, ndo tunayofanya. Au kuchukua kilichopo tayari kama Drools, injini ya kanuni upande wa Java, au majedwali ya maamuzi ya DMN ambayo OMG, shirika la viwango vya programu, waliyatoa kama kiwango mwaka 2015.

Nikushauri bila kuzunguka: kama timu yenu ni ya Java na kanuni ni mamia na ni za aina ya "ikiwa hiki na hiki basi kile", kama kukubali au kukataa madai ya bima, nendeni kwenye DMN, msijenge. Jedwali la DMN linakulazimisha useme mapema nini kifanyike kama mistari miwili inakubali kwa pamoja, ushike wa kwanza au iwe ni kosa, na swali hilo pekee linaokoa watu wengi. Lakini kwa mishahara sioni sababu ya injini ya kanuni zinazoamshana zenyewe. Kanuni moja inaamsha nyingine, inaamsha ya tatu, siku jibu likija baya unakaa unatafuta nani alianza. Mishahara ni hesabu iliyonyooka.

Hatua ya 5: Jenga tumbo kwanza, mdomo mwisho

Developa wengi wanakimbilia kichanganuzi, kile kinachosoma maandishi, kwa sababu ndo sehemu inayofurahisha. Anza na upande wa pili. Tengeneza vitu vya data vya kawaida: kanuni ina jina, tarehe mbili, chanzo, sharti, msingi na orodha ya ngazi. Andika kikokotozi kinachofanya kazi na hivyo vitu ukiwa umevijaza kwa mkono. Moyo wa ngazi ni huu tu:

```
def kokotoa_ngazi(kiasi, ngazi):
    jumla = 0
    chini = 0
    for juu, asilimia in ngazi:
        if juu is None or kiasi < juu:
            kipande = kiasi - chini
        else:
            kipande = juu - chini
        if kipande <= 0:
            break
        jumla += kipande * asilimia / 100
        chini = juu
    return jumla
```

Kiasi, mipaka na asilimia zote ziwe Decimal, usitumie float, namba za makadirio, kwenye hela hata siku moja. Ngazi ya mwisho, ile ya zaidi, juu yake ni None.

Kuhusu senti, mtu wa 457,333 hifadhi yake ni 45,733.30, msingi unabaki 411,599.70 na PAYE inakuja 11,327.976. Nani anaamua inakuwa 11,328, na inafanyika kwenye hifadhi au mwishoni tu? Usiamue we. Muulize mhasibu, alafu iandike kwenye lugha kama mstari wake, mfano `zungusha shilingi_nzima`, ionekane. Uamuzi ukifichwa ndani ya Python utaleta ugomvi wa shilingi moja moja na benki ambao hauishi.

Mpangilio wa kukokotoa lugha iujue yenyewe. PAYE imetaja hifadhi, basi hifadhi inatangulia, haijalishi nani ameandikwa juu kwenye faili. Kanuni mbili zikitajana kwa mzunguko ni kosa, programu ikatae kuanza.

Hatua ya 6: Sasa kichanganuzi

Umeona lugha yetu kila mstari unaanza na neno linalojitambulisha: kanuni, kuanzia, chanzo, ikiwa, msingi, ngazi, mpaka, zaidi, ni. Nilifanya hivyo kwa makusudi. Unasoma mstari, unachukua neno la kwanza, unajua cha kufanya. Hii unaiandika kwa mkono bila maktaba yoyote. Sehemu pekee inayohitaji akili ni hesabu kama `mshahara_ghafi - hifadhi` na masharti, hapo chukua maktaba ya uchanganuzi, Lark kama uko Python au ANTLR kama uko Java.

Na tafadhali usitumie eval ya Python, ile inayoendesha maandishi yoyote kama msimbo, kusoma hizo hesabu. Najua inavutia, mstari mmoja na kazi imeisha, lakini umempa mtu yeyote mwenye ruhusa ya kuhariri faili la kanuni uwezo wa kuendesha chochote kwenye seva yenye mishahara ya watu wote.

Ujumbe wa makosa uandike kwa bidii ileile uliyoandikia lugha. Mtu akikosea apate hivi:

```
mishahara.kanuni, mstari wa 14:
  "mpaka 520000" imekuja baada ya "mpaka 760000".
  Ngazi lazima zipande kutoka ndogo kwenda kubwa.
```

siyo KeyError na mistari ishirini ya Kiingereza. Vitu vya kukagua kabla ya kukubali faili: ngazi zinapanda, ngazi ya mwisho ni zaidi, kila jina lililotajwa lipo, na kanuni mbili za jina moja tarehe zao hazigongani wala haziachi pengo katikati. Hilo la pengo ni la muhimu kweli, mtu akiandika mpaka 2021-06-29 kwa kuteleza, siku moja ya Juni inakosa kodi kabisa, na ni siku ya mwisho wa mwezi.

Hatua ya 7: Tarehe

Kikokotozi kisiulize saa ya kompyuta leo ni tarehe ngapi. Kipewe tarehe. Yule yule wa 900,000 ukirudi kusahihisha peiroli yake ya Mei 2021, msingi ni 810,000 uleule lakini PAYE inatoka 83,000, na ya Agosti 2021 inatoka 80,500. Mfumo uliofuta viwango vya zamani hauwezi kurudi nyuma, na mkaguzi akija anarudi nyuma. Ila tarehe ipi? Ya mwezi uliofanyiwa kazi au ya siku hela ilipolipwa? Malimbikizo yanategemea hilo. Ni swali la mhasibu na sheria, kazi yako ni kuhakikisha lugha inamlazimisha mtu kulijibu.

Hatua ya 8: Ifanye ijieleze

Kila hesabu irudishe jibu pamoja na safari yake:

```
PAYE, Agosti 2021  (Sheria ya Fedha 2021)
  mshahara ghafi       900,000
  toa hifadhi 10%       90,000
  msingi               810,000
    270,000 kwa  0%          0
    250,000 kwa  8%     20,000
    240,000 kwa 20%     48,000
     50,000 kwa 25%     12,500
  PAYE                  80,500
```

Hii ukiijenga tangu mwanzo ni kazi ndogo, kikokotozi kinaandika kila kipande kinapopita. Ukiiacha mpaka baadaye utavunja kila kitu. Na ndo sehemu ambayo watu wa utumishi watakupenda, kwa sababu mfanyakazi akija na slipu yake mkononi wanamfungulia hii, anaiona mwenyewe, anaondoka ameridhika au amewaonyesha kosa la kweli.

Hatua ya 9: Majaribio yawe mali ya mhasibu

Weka faili la pili, mshahara upande mmoja, tarehe, na jibu linalotarajiwa. Mhasibu alijaze. Humo ndo zinaingia zile namba tulizozikataa kwenye kanuni: msingi wa 520,000 lazima utoe 20,000, wa 760,000 utoe 68,000, wa 1,000,000 utoe 128,000. Jedwali la TRA linakuwa hakimu wa lugha yako. Ongeza na mipaka yenyewe, 270,000 na 270,001, makosa yanapenda kukaa hapo. Kwa SDL jaribu kampuni ya watu 9 na ya watu 10, na hakikisha haimgusi mfanyakazi, ile analipa mwajiri.

Mabadiliko ya kanuni yapite Git kama msimbo mwingine, mmoja anaandika, mwingine anaidhinisha, na anayeidhinisha awe mtu wa hesabu. Kabla ya kuwasha, pitisha peiroli za miezi mitatu iliyopita kwenye faili jipya na utoe orodha ya kila mtu ambaye namba yake imebadilika. Kama umegusa viwango vya kuanzia Julai tu, Aprili mpaka Juni orodha iwe tupu. Ikiwa na hata jina moja, simama.

Hatua ya 10: Utakachokataa

Lugha ikipendwa watu wataanza kuomba. Wataomba kurudiarudia (loop), wataomba kutengeneza funksheni, wataomba uweke kanuni ya pekee kwa ajili ya bosi fulani. Kurudiarudia na funksheni kataa kabisa, siku ukikubali mhasibu hataweza tena kusoma faili na utakuwa umetengeneza Python mbaya zaidi. Kitu kigumu kweli, mfano kugawa mshahara kwa siku za kazi ukiondoa sikukuu, kiandike kwenye Python, kipe jina kama `siku_za_kazi`, alafu lugha iruhusiwe kulitaja hilo jina tu.

Maombi ya kuongeza kanuni ya aina ileile yakubali bila wasiwasi. Mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, ni wa kwanza kuongeza: makato yake ni 15% ya mshahara wa msingi, siyo ghafi, kwa hiyo utahitaji jina jipya `mshahara_wa_msingi` na sharti la `ikiwa ana_mkopo_wa_heslb`. Andika hiyo kanuni sasa, mpe mhasibu aisome kabla hujaiendesha.